Chuma cha Bafu la Tatu

Chuma chenyewe kilikuwa na urefu wa mkono wangu mmoja, kimepakwa rangi nyeupe, kimefungwa ukutani pembeni ya bomba la kuogea katika bafu la tatu. Kilitakiwa kushikwa na skrubu sita, tatu kila upande. Siku ya ukaguzi nilipokitikisa kilikuwa kimebaki na skrubu mbili, zote fupi, za kufungia bawaba za kabati. Kilicheza kama jino la mtoto.

Tulikuwa wazabuni saba, tumeletwa na ofisi ya ununuzi kutembezwa ndani ya nyumba ya askari walioumia vitani. Serikali ilitaka mabafu yote manane yabomolewe yajengwe upya. Asiyehudhuria matembezi yale na kutia sahihi kwenye daftari, bahasha yake isingefunguliwa. Hilo lilikuwa sharti moja. Sharti jingine, ambalo ndilo lililonipa ujasiri wa kuchukua nyaraka, lilisema kampuni iwe ya askari aliyestaafu kwa ulemavu wa vitani, amiliki zaidi ya nusu, na awe ndiye mwenye kauli, si jina la kupachika tu.

Sisi hatukupachika jina. Kaka yangu, ambaye kila mtu humo ndani alimwita Koplo, alikuwa wa kikosi cha ujenzi. Mguu wa kushoto aliuacha kwenye daraja alilokuwa akilijenga. Mimi niliacha shule darasa la sita nikaanza kubeba zege, na kila alipokuja likizo yeye ndiye aliyenifundisha kusoma ramani, akichora mchangani na kijiti. Kampuni yetu ilikuwa yeye, mimi, mashine moja ya kuchanganyia zege na gari bovu. Nyaraka za zabuni zilikuwa na kurasa mia moja na kumi na nne. Kaka alizisoma zote, mimi nikapima na kupiga hesabu ya vigae. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijenga uzio wa huyu na choo cha yule. Hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo ningeweza kumwonyesha mtu nikasema, hii ni yetu.

Lakini hilo halikuwa la kwanza. La kwanza ni kwamba kaka alikuwa anaishi humo. Shemeji alipofariki nilimwomba ahamie kwangu, ila kwangu kuna ngazi thelathini na moja, naye alikataa kubebwa mgongoni kama mfuko wa saruji. Akaenda kwa wenzake. Kuhusu zabuni tuliandika barua kuuliza kama mkazi wa nyumba ile anaruhusiwa. Tukajibiwa kwamba anaruhusiwa, mradi hayumo kwenye kamati ya wakazi. Kaka akajitoa kwenye kamati siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nilipokuwa nikitembezwa katika yale mabafu nilikuwa naangalia mahali kaka yangu anapooga. Sakafu ilikuwa na vigae vya utelezi, vya sebuleni. Mlango wa bafu la kwanza haukupitisha kiti cha magurudumu, na mlemavu wa miguu yote miwili alikuwa anaacha kiti nje anaingia kwa kujiburuta kwa makalio. Wazabuni wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mmoja alikuwa amevaa kofia ngumu ambayo bado ina kibandiko cha dukani. Nikamwita Kofia Mpya, kimoyomoyo, na mpaka leo sijui jina lake jingine.

Matembezi yalipoisha wenzangu wakaondoka. Mimi nikaenda kukaa na kaka kitandani kwake. Chumba chake walikuwa wawili. Kitanda cha pili kilikuwa cha mzee ambaye baruti ilimchukua macho, akabaki anaona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa shuka. Redio yake ndogo aliifunga kwa kamba ya kiatu akaivaa shingoni, nayo haikuzimwa isipokuwa amelala. Walimwita Mzee Redio.

"Fundi," akaniambia, "nasikia mnataka kutujengea mabafu."

"Tukishinda, mzee."

"Shindeni upesi. Mwanaume mzima nasuguliwa mgongo na kijana anayepiga mluzi. Tena mluzi wenyewe hajui."

"Kwa nini usioge mwenyewe?"

"Nishike nini? Kile chuma? Kile kitanizika."

Kaka akacheka. Mimi sikucheka. Mkono ulikuwa unaniwasha. Ndivyo nilivyo: nikiona mlango umelegea kwa watu nauinua kwanza ndipo nasalimia, na mke wangu ameshanikanya mara nyingi. Nikaenda kwenye gari nikachukua drili, plagi za plastiki za kubana skrubu ukutani, na skrubu sita ndefu za chuma kisichoshika kutu. Nikang'oa zile fupi nikazitia mfukoni. Nikatoboa upya, nikaingiza plagi, nikakaza mpaka bisibisi ikagoma. Kazi ya robo saa. Kaka alisimama mlangoni na magongo yake, Mzee Redio nyuma yake.

"Koplo, huyu mdogo wako anatoboa ukuta wa serikali."

"Mwache. Usipompa kitu cha kukaza ataanza kukaza meno yako."

"Sina."

"Basi umepona."

Nikamshika mzee mkono nikamwekea kwenye chuma. "Ning'inia," nikasema.

"Nikianguka nakushtaki."

"Nishtaki."

Akaning'inia. Alikuwa mtu mfupi, mzito wa mifupa. Akakivuta kushoto, akakivuta kulia, akakunja magoti akaachia uzito wote. Redio ikawa inabembea kifuani. Chuma hakikutikisika hata unywele. Akasimama taratibu, uso umemfunguka.

"Hiki sasa ni chuma," akasema.

Nikageuka nikamwona Kofia Mpya. Alikuwa amerudi kupima tena upana wa mlango, futi yake mkononi.

"Fundi, unafanya kazi kabla ya kupewa kazi?"

"Nafunga skrubu."

"Haya, funga," akasema, akacheka vizuri tu. Akainua simu yake akapiga picha. Nilidhani anapiga picha ya mlango.

Siku tisa baadaye nikaitwa ofisi ya ununuzi. Afisa wa zabuni alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na wazabuni walimwita Mama Kifungu, kwa sababu hakuongea sentensi mbili bila kutaja kifungu namba fulani. Watu walimwogopa kwa jambo moja: hakula kitu cha mtu. Meza yake ilikuwa safi kama ya daktari, na juu yake kulikuwa na picha iliyochapishwa. Mimi mgongo, drili mkononi, ukuta wa bafu la tatu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Kifungu cha ishirini na mbili unakijua?"

"Kaka ndiye msomaji."

"Kinasema mzabuni hatatoa zawadi, huduma wala manufaa yoyote kwa taasisi kabla ya mkataba kutolewa. Huduma, fundi. Umewapa huduma."

"Mama, ni skrubu sita."

"Zingekuwa sita au mia sita, kifungu ni hicho hicho. Leo nikikuachia skrubu, kesho mwingine ataniletea jenereta aseme ni msaada kwa wazee." Alisema bila kunikaripia. Ndilo lililoniuma, kwamba niliona ana haki. "Sikiliza. Mlalamikaji amenipigia simu na kunitumia picha, hajaandika barua. Mimi pia sijaandika. Bahasha zinafungwa Ijumaa. Hali ya eneo ikirudi kama ilivyokuwa siku ya ukaguzi, nitamjibu kwamba kasoro imerekebishwa, na yataishia hapo. Isiporudi, nitaandika, na mtatolewa."

"Irudi vipi?"

"Kama ilivyokuwa."

"Nikikitoa kabisa je? Kisiwepo. Afadhali mtu akose cha kushika kuliko kushika kitu kibovu."

Akafungua faili, akaweka kidole kwenye mstari. "Ripoti ya ukaguzi inasema, bafu la tatu, chuma cha kushikia kimelegea. Haisemi hakipo. Wazabuni wote saba wanapigia bei kitu kilicholegea."

"Basi nyumba yenyewe ikitengeneze. Si mimi."

"Nyumba haina fungu la matengenezo mpaka mkataba uanze. Ndiyo maana kuna mkataba."

Kule kwenye ngazi za ofisi ile nilikaa kitako muda mrefu, watu wakinipita na bahasha zao za kaki.

Kaka nilimkuta uani anapigwa jua la asubuhi. Nilimweleza yote.

"Kilegeze," akasema.

"Kaka, wewe mwenyewe unakishika."

"Nakishika. Na kabla yako nimekaa nacho miaka mitatu kikiwa kibovu, sikufa. Tuko arobaini na mmoja humu. Yule wa miguu miwili anajiburuta kila siku ya Mungu. Tukitolewa, atajenga nani? Yule wa kofia? Atatuwekea vigae vya hotelini." Akagonga gongo chini. "Bahasha zikifunguliwa, wiki sita tunaanza kazi. Wiki sita, bwana mdogo. Mimi ndiye mwenye kauli, si ndivyo nyaraka zinavyosema? Kilegeze."

Sisemi haya ili nimtupie yeye. Angesema usilegeze, sijui kama ningemsikia. Niliitaka ile kazi mpaka nikawa nauota mchanganyiko wa zege.

Alhamisi mchana nikaingia bafu la tatu na bisibisi. Zile skrubu mbili za bawaba zilikuwa bado mfukoni mwa suruali ya kazi, mke wangu hakuwa ameifua. Nikazitoa zile ndefu moja moja. Zilikuwa zimekaa vizuri, zikatoka zikilia. Kisha nikaziweka zile fupi kwenye matundu ambayo sasa yalikuwa makubwa kuliko mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimeyatoboa kwa ajili ya plagi. Plagi nilikuwa nimezitoa pia, maana plagi zisingekuwa kama ilivyokuwa. Skrubu hazikuuma chochote. Zilikaa tu, kama msumari kwenye uji mzito. Kwa hiyo hata kule kurudisha sikurudisha. Chuma kilikuwa kibovu kuliko nilivyokikuta, na kwa macho kilionekana kizima, kimesimama mahali pake.

Nikafunga kitambaa chekundu katikati. Kaka akaandika karatasi kwa herufi kubwa, USISHIKE, nikaibandika juu yake. Wakati wa chai tukapita meza kwa meza kuwaambia watu. Walielewa. Mmoja akatusonya, akasema serikali imerudi kuwa serikali.

Mzee Redio hakuwepo. Alikuwa amepelekwa hospitali kuu kusafishwa jicho lililokuwa linatoa usaha, arudi Jumamosi mchana.

"Nitamwambia mimi," kaka akasema. "Kitanda chake kiko hatua mbili kutoka changu."

Karatasi na kitambaa. Vyote vya macho. Wala hatukuliona hilo, mimi na kaka, watu wawili tunaojua kupima ukuta kwa kuutazama.

Ijumaa ilikuwa siku ya kufungua bahasha. Sharti lilikuwa mwenye kampuni awepo mwenyewe, na kitambulisho chake cha ulemavu. Nikamchukua kaka asubuhi. Ukumbi ulikuwa na joto, viti vya plastiki, Mama Kifungu mbele na mkasi wake. Alikuwa ameshafika bafuni mwenyewe mapema siku ile, akakitikisa chuma kwa kidole, akaondoka. Bahasha saba zilikatwa, zikasomwa kwa sauti. Yetu ilisomwa ya tano. Bei yetu ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko zote, na karatasi zote zilikuwepo. Kofia Mpya alikuwa wa pili. Kaka alinibana goti kwa mkono wake, kwa nguvu, chini ya meza, kama tulivyokuwa tukifanya msibani utotoni ili tusicheke.

Tulichelewa kurudi, gari lilizima njiani mara mbili. Nilimfikisha mlangoni amechoka, kisiki cha mguu kimevimba. Nikamwacha.

Mzee Redio alikuwa amesharudi. Gari la wagonjwa lilikuwa na nafasi Ijumaa jioni, wakamleta siku moja kabla. Kaka alipoingia chumbani alisikia redio chini ya mto, kwa sauti ndogo. Mwenzake alikuwa anasinzia. Kaka akasema moyoni, asubuhi nitamwambia. Akalala.

Mzee Redio alikuwa mtu wa kuamka na taarifa ya habari ya saa kumi na mbili. Zile siku ambazo chuma kilikuwa kizima alikuwa amemfukuza yule kijana wa mluzi. Aliingia bafuni peke yake, akahesabu hatua, akashika chuma, akafungua maji, akaoga mwenyewe. Wahudumu walikuwa wameshazoea. Jumamosi ile hakuna aliyemfuata, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumfuata.

Kaka aliamshwa na mlio. Alinieleza kwamba haukuwa mlio wa mtu. Ulikuwa wa chuma kugonga kigae.

Mzee Redio alikufa siku ya nne hospitalini. Nyonga ilikuwa imevunjika na kichwa kilikuwa kimepiga ukingo wa sakafu.

Wiki iliyofuata zilikuja karatasi mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilikuwa barua ya kutujulisha kwamba tumeshinda zabuni na tufike Jumatano kutia sahihi. Ya pili ilikuwa ripoti ya ajali, nakala iliyobandikwa ubaoni kwa ajili ya wakazi. Kaka alinisomea. Ilisema marehemu aliingia bafuni bila mhudumu, kinyume cha utaratibu. Ilisema chuma cha kushikia kilikuwa kimelegea, kama ilivyokwisha kuelezwa katika ripoti ya ukaguzi wa awali. Ilisema palikuwa na onyo la maandishi. Ilisema kazi ya ukarabati itaanza karibuni. Hakuna mtu aliyetajwa, na kila neno lilikuwa la kweli.

"Imekaa sawa," nikasema.

"Imekaa sawa," kaka akasema. Hakunitazama.

Jumanne nilikwenda kumpelekea shati la kuvaa kesho yake kwenye sahihi. Nikamkuta ana mgeni. Mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, amekaa kwenye kitanda cha pili, godoro limeshakunjwa. Alikuwa binti wa Mzee Redio, mshonaji, alisafiri siku mbili na hakuwahi kumkuta baba yake hai. Mapajani alikuwa na mfuko wa nguo na ile redio, kamba yake ya kiatu imezungushwa vizuri.

"Shikamoo," akanisalimu. "Wewe ndiye fundi?"

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa. Baba alinitajia fundi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kuna kitu sikielewi, nilikuwa namuuliza Koplo, hanijibu. Nimesoma ile karatasi ubaoni. Inasema chuma kilikuwa kibovu tangu ukaguzi. Baba alinipigia simu baada ya huo ukaguzi. Aliniambia, mwanangu, fundi ametuwekea chuma, sasa naoga mwenyewe, sishikwi na mtu. Alirudia mara tatu. Baba hakuwa mtu wa kurudia. Sasa nani ni mwongo, baba au karatasi?"

Nikamtazama kaka. Kaka alikuwa anatazama kisiki chake. Nilijua ninachoweza kusema. Ningesema mzee alijichanganya, umri, macho. Ningesema skrubu hulegea zenyewe. Ukuta mbovu, unyevunyevu, ningetoa maneno kumi ya kifundi na yeye asingekuwa na la kunijibu. Kesho yake tungetia sahihi, na baada ya wiki chache ningekuwa nabomoa, na wale arobaini waliobaki wangepata mabafu ya watu. Niliyapima yote haya kwa haraka kama napima chumba.

"Hakuna mwongo," nikasema. "Nilikikaza. Kisha nikakilegeza."

Hakuelewa. Ikabidi nieleze. Nikamweleza picha, kifungu, ofisi, skrubu fupi, kitambaa chekundu. Kila nilichosema kilionekana kidogo zaidi nilipokisema kwa sauti.

"Mlimwambia?"

"Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia," kaka akasema. "Nilisikia redio. Nikasema asubuhi."

Kidole cha binti kilikuwa kinazungusha kitufe cha redio, kidogo kidogo, haikuwaka. Nilingoja atukane. Ningeshukuru.

"Kitambaa chekundu," akasema mwishowe. "Kwa baba yangu."

Akaiweka redio juu ya mfuko wa nguo.

"Andika," akasema.

"Nini?"

"Hayo. Umesema kwa mdomo, mdomo hauna muhuri. Ile karatasi ubaoni inasema baba yangu alikosea. Andika kilichotokea."

Mimi si mtu wa kalamu. Nikimaliza kuandika orodha ya vifaa jasho limenitoka. Nilikaa kwenye kile kitanda kisicho na godoro, karatasi kwenye goti, nikaandika kwa herufi zilizoachana kama vigae vya fundi mwanagenzi. Kaka hakunisahihisha hata neno moja. Nilipomaliza akachukua kalamu akaongeza mstari mmoja chini, kwamba aliyesema kilegezwe ni yeye, mwenye kampuni, kisha akatia sahihi na namba yake ya jeshi. Binti akasoma mara mbili. Akaikunja, kisha akaikunjua akanirudishia.

"Peleka mwenyewe. Mimi nina basi la saa nane."

Alipofika mlangoni kaka akamwita. "Mwanangu. Utatusamehe?"

Akafikiria kweli, nilimwona akifikiria. "Sijui," akasema. "Msiningoje."

Mama Kifungu alisoma ile karatasi amesimama. Alipofika katikati akakaa.

"Na mimi umeniandika humu."

"Nimeandika kilichotokea, mama."

"Kesho mnatia sahihi. Unajua nikigonga muhuri wa kupokelewa, basi?"

"Najua."

"Na mimi basi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Alikuwa na picha ya watoto wawili wa shule chini ya kioo cha meza, sikuwa nimewahi kuiona. Angeweza kuichana ile karatasi. Tulikuwa wawili tu. Akaitazama muda, akavuta kidau cha wino, akagonga muhuri, akaandika tarehe na saa.

"Kifungu cha ishirini na mbili," akasema, kama anajisomea mwenyewe.

Tulitolewa. Kampuni ikafungiwa miaka mitatu, ambayo kwa umri wa kaka ni sawa na kufungiwa milele. Mama Kifungu walimhamishia kwenye kumbukumbu za zamani, chumba cha chini, nasikia. Ripoti ya ajali ilibandikwa upya ubaoni, safari hii bila ule mstari wa marehemu kwenda kinyume cha utaratibu. Mstari mmoja. Kazi akapewa Kofia Mpya. Kaka alipinga mambo mengi maishani mwake lakini hili hakulipinga. Alipungua tu, nyama zikamwisha usoni, na kila saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani anangoja kitu.

Mabafu yalimalizika baada ya miezi mitano. Yalizinduliwa kwa utepe. Mimi nilikwenda Jumapili iliyofuata, kama mgeni wa kawaida, na machungwa kwenye mfuko.

"Njoo uone," kaka akasema.

Bafu la tatu lilikuwa linang'aa. Vigae vya hotelini, kama alivyosema. Mlango ulikuwa umepanuliwa, hilo nilikiri, kiti cha magurudumu kinapita. Vyuma vya kushikia vilikuwa vipya, vya kuakisi sura, vinne kila bafu. Nikashika cha kwanza, kizima. Cha pili, kizima. Cha tatu, kile cha pembeni ya bomba, kilinijibu mkononi. Kidogo sana. Mtu asiye fundi asingekisikia.

"Kinacheza," nikasema.

"Najua kinacheza. Nimeandika kwenye daftari la kasoro mara mbili. Wanasema tungoje, kazi iko kwenye miezi sita ya matazamio. Akigusa mtu mwingine, mkandarasi anajitoa kwenye dhamana." Akanionyesha karatasi ya plastiki iliyogongwa ukutani. Ilikuwa na herufi ndogo na muhuri.

Nikaweka machungwa chini, juu ya kigae. Nikatia mkono mfukoni. Sijui kutembea bila bisibisi.

"Bwana mdogo," kaka akasema.

"Mimi si mzabuni, kaka. Tumefungiwa miaka mitatu."

Alinitazama, akatazama korido. Halafu akageuka polepole juu ya magongo yake, akasimama katikati ya mlango na mgongo wake kwangu, akaujaza wote.

Nikatoa kifuniko, nikafungua skrubu ya kwanza. Ilitoka kwa vidole, bila bisibisi. Niliiweka kiganjani nikaipima kwa jicho. Ilikuwa fupi, ya bawaba. Zile zangu ndefu sita zilikuwa kwenye mfuko wa shati, pamoja na plagi. Nilikuwa nimezibeba tangu ile Alhamisi.

"Kuna mtu anakuja?" nikauliza.

"Kaza," kaka akasema.